Barua Niliyoisaini Bila Kuisoma

Jumatatu saa sita mchana, nikiwa kazini, mwanamke nisiyemjua alinipigia simu kunipongeza kwa barua ambayo sikuiandika.

Na chini ya barua hiyo kulikuwa na sahihi yangu.

Ngoja niwaeleze taratibu, ingawa mimi na taratibu hatupatani. Mume wangu husema mimi hata chai nainywa nimesimama.

Mimi ni mwigizaji. Msicheke. Ni mwigizaji ambaye kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni anakaa kwenye dirisha la malalamiko la kampuni ya maji. Watu wanakuja wamevimba, bomba limekauka siku tano, na wa kwanza kukutana naye ni mimi. Wananitukana. Natabasamu. Nawapa fomu na kuwaambia, "Soma kwanza kabla ya kusaini."

Jioni na mwisho wa wiki naigiza. Mwaka wa sita sasa. Ukinitafuta kwenye filamu utanipata, ila uwe na subira. Mimi ndiye yule anayepita nyuma amebeba mfuko.

Na mimi ndiye maiti. Nimekuwa maiti mara nne, mpaka wenzangu wa kikundi wakanibandika jina la Marehemu.

"Marehemu, umekula?"

"Marehemu, sogea kidogo, unaziba mwanga."

Nilizoea. Kukubali nilikuwa sijakubali.

Sasa, ili upate nafasi yenye maneno lazima umfikie mchagua waigizaji, yule mtu anayeamua nani asimame mbele ya kamera na nani arudi kwao. Na ili umfikie unaandika barua ya kujitambulisha. Nilikuwa nimeandika barua za namna hiyo zaidi ya arobaini. Majibu? Hamna. Hata "asante, tumeipata" hamna.

Mwezi ule kazini wakaniletea habari. Tawi jipya linafunguliwa, mwendo wa siku nzima kwa basi, na wananitaka nikawe msimamizi. Fomu ya uhamisho ikawekwa mezani kwangu. Mwisho wa kuisaini, Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa sita mchana.

Tawi lenyewe liko mji aliozaliwa mume wangu. Mama mkwe anaishi huko, peke yake tangu baba mkwe afariki, na miguu imeanza kumsumbua.

Huko hakuna filamu. Hakuna hata kikundi cha maigizo. Nikisaini ile fomu, Marehemu ndiyo kazikwa kweli.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa amekuja kukaa kwetu wiki mbili, na hakunificha kitu.

"Wifi, mama yetu anashika ukuta kwenda chooni, wewe umebaki hapa unakufa kwenye sinema!"

"Na wewe mbona huhamii huko?"

"Mimi nina watoto wanne shuleni. Wewe una nini? Una jeneza."

Nilicheka, maana kusema kweli ilichekesha. Kisha nikaingia chumbani nikakasirika peke yangu.

Nikamgeukia mume wangu. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi popote, mke wangu. Uamuzi ni wako."

Ndivyo alivyo. Mume wangu ni karani wa mahakama. Kazi yake ni kuandika wanayosema mashahidi, neno kwa neno, haongezi, hapunguzi. Shahidi akikohoa, anaandika kwamba shahidi amekohoa. Nyumbani siku inaweza kupita ametoa maneno kumi, na matano kati ya hayo ni salamu.

Nikamwambia, "Basi tukubaliane. Naandika barua moja ya mwisho, kwa yule mama mkali. Akinijibu na kunipa kazi kabla ya Ijumaa ya mwisho, tunabaki. Asiponijibu nasaini, tunahama, na habari za kuigiza hamtazisikia tena kinywani mwangu."

"Sawa," akasema.

Yule mama mkali ndiye mchagua waigizaji anayeogopwa kuliko wote. Ana masharti yake. Barua za mtandaoni hapokei. Anataka karatasi moja, picha moja, na sahihi ya kalamu. Nilishamwandikia mara tano, akanyamaza mara tano.

Hii ya sita niliitolea jasho. Niliiandika kwa mkono saa za mapumziko, nikaifuta, nikaiandika tena. "Mheshimiwa, mimi ni mwigizaji mahiri mwenye kipaji cha kuzaliwa, ninayeweza kucheza nafasi yoyote ile kwa ufanisi wa hali ya juu." Mnaona mambo hayo? Umri nikaweka thelathini na tatu. Zile maiti nikaziita nafasi maalumu.

Mume wangu ndiye hunichapia. Vidole kumi, wala hatazami. Jumatano asubuhi akaniletea karatasi nikiwa napiga pasi sare yangu, muda umeshakwenda, kiatu kimoja hakionekani.

"Saini hapa."

Pasi mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, nikasaini. Wifi akaitia kwenye bahasha pamoja na picha, akaipeleka mwenyewe kwa sababu alikuwa anapita njia hiyo.

Siku tano zilizofuata sikuwa mtu. Simu naitazama mpaka inapata joto. Nikiwa bafuni naisikia inalia, natoka na povu, haijalia. Kazini nikawa natembea huku na huku kati ya mteja na mteja, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ndipo ikaja ile simu ya Jumatatu. Ni yeye, mama mkali mwenyewe!

"Barua yako nimeisoma mara tatu," akasema kwa sauti kavu. "Pale pa chafya nimecheka mpaka msaidizi wangu akaja kuangalia kuna nini."

Chafya?

"Ulipokuwa maiti. Mara ya nne."

Jamani, ile chafya ilitokea kweli. Nimelala ndani ya jeneza, watu wanalia juu yangu, vumbi likaniingia puani, nikapiga chafya ambayo hadi leo kikundini wanaiiga. Lakini mimi, na akili zangu timamu, niandike jambo hilo kwenye barua ya kuomba nafasi?

"Aa, ndiyo," nikasema. "Ile chafya."

"Njoo Jumatano saa tano. Usibebe kitu, barua ninayo."

Akakata. Mteja aliyekuwa mbele yangu bado alikuwa anafoka kuhusu bomba lake. Nikapitisha mkono dirishani, nikamshika wa kwake, nikamwambia asante sana, Mungu akubariki. Akanyamaza ghafla, akaondoka bila fomu.

Furaha ilinifikisha hadi mlangoni kwangu. Hapo nikaanza kujiuliza. Nani ameandika habari ya chafya?

Wifi alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli.

"Wifi, umebadilisha barua yangu?"

"Barua gani?"

"Usinizungushe. Ile uliyoipeleka. Mtu ameandika humo habari za chafya."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nikuandikie barua wewe? Mimi ningeandika mstari mmoja tu: mchukueni, tumechoka."

Sikumwamini hata kidogo. Mume wangu alipotoka kazini nikamvaa kabla hajavua viatu.

"Ulichapa barua yangu?"

"Ulisaini mwenyewe," akasema, akainama kufungua kamba.

Nikalichukua hilo kuwa ndiyo. Mtu anayeandika maneno ya wezi bila kuhamisha hata nukta, atahamisha ya mkewe? Nikabaki na wifi. Siku mbili nilimnunia, na chai yake nikaipika bila sukari makusudi.

Jumatano ikafika. Ofisi iko ghorofa ya tatu, ukumbi mrefu, viti vya plastiki, wanawake wamekaa na picha zao mapajani. Mmoja alikuwa anaongea na ukuta, anaubembeleza usimwache. Mimi kukaa nilishindwa. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikasoma tangazo la kuzima moto mpaka nikalijua kwa moyo.

Nikaitwa.

Ndani kulikuwa na meza, kamera juu ya miguu yake mitatu, msaidizi kijana wa kike, na mama mkali. Ana miwani moja kichwani na nyingine shingoni. Akanisogezea karatasi.

"Isome kwa sauti. Hilo ndilo jaribio lako leo."

"Barua yangu?"

"Barua yako. Wengi hushindwa kusema maneno yao wenyewe."

Kamera ikawashwa. Nikasoma.

"Nina miaka arobaini na mbili. Katika barua zangu za nyuma niliandika thelathini na tatu. Picha niliyoambatanisha ni ya miaka tisa iliyopita."

Loo! Natamani ardhi ipasuke nizame. Nikatupa jicho chini ya ukurasa. Sahihi yangu mwenyewe, ile ya haraka, mkia umekatika. Hakuna aliyeighushi. Ni ile niliyoweka na pasi mkononi.

Nikaendelea.

"Sijawahi kusema neno hata moja mbele ya kamera. Nimeigiza maiti mara nne. Mara ya nne nilipiga chafya, kazi ikarudiwa upya, na bado huniita kwa sababu huwa silalamiki. Siwezi kulia nikiambiwa nilie. Nalia ninapokunja nguo, na nikiulizwa nasema ni sabuni."

Hapo wifi akatoka kwenye kesi. Wifi hajawahi kuniona nakunja nguo.

"Nafanya kazi kwenye dirisha la malalamiko. Natukanwa kila siku. Nikikasirika natabasamu, na watu hudhani nimefurahi. Kinachonisaliti ni kidole gumba cha kushoto, ambacho hujificha ndani ya ngumi. Anayejua ni mtu mmoja tu."

Ndugu zangu, nilijua. Mtu mmoja tu. Miaka kumi na nne kitanda kimoja.

Kamera ilikuwa inaendelea, nami nikaendelea.

"Nyumbani siwezi kutulia. Nasema maneno ya wahusika mbele ya jiko, wanawake kwa wanaume, na mboga inaungua. Sijui kama hicho ni kipaji. Ninachojua ni kwamba kwa miaka sita sijaacha. Naomba mnijibu kwa maandishi hata kama jibu ni hapana, ili nyumbani tujue moja, tupange mambo yetu."

Nyumbani. Tujue moja. Tupange.

Nikaelewa yote pale pale, nimesimama mbele ya watu. Ule haukuwa utambulisho. Ulikuwa ushahidi dhidi yangu, umeandikwa kwa utulivu na mtu anayejua kazi yake, ili nikataliwe mapema twende zetu. Mwanamume aliyeniambia uamuzi ni wangu alikuwa ameshaamua!

Nilitaka kuichana ile karatasi vipande vipande. Nilitaka kupiga yowe.

Nikatabasamu. "Asante kwa muda wako," nikamalizia, maana ndivyo ilivyoandikwa.

Mama mkali hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto.

"Zima," akamwambia msaidizi. Kisha akaniuliza, "Umemkasirikia nani?"

"Sijamkasirikia mtu," nikasema huku natabasamu.

"Hivyo hivyo. Usibadilishe kitu. Nitakupigia Ijumaa."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Barua zako zile tano sikuvuka mstari wa pili. Kila anayeniandikia ana kipaji cha kuzaliwa, kila mmoja anaweza kucheza nafasi yoyote. Nikimaliza kusoma simwoni mtu. Hii nimemwona."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuiandika mimi. Nikasema asante, nikashuka ngazi.

Nyumbani nilifika kabla ya mume wangu, nikamngoja nimesimama katikati ya sebule kama askari.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Ni mimi."

"Ulitaka wanikatae."

"Ndiyo."

Hakukana! Nilijiandaa kwa mabishano ya saa nzima, mtu ananijibu kama yuko kizimbani.

"Na juzi nikakuuliza!"

"Ukaniuliza kama nilichapa, nikakwambia ulisaini."

"Si ungeandika uongo basi? Ungeandika mimi mwizi, mimi mlevi, ningekataliwa siku hiyo hiyo!"

"Uongo siwezi kuuandika," akasema. "Nilidhani ukweli utatosha."

Nikamrushia kitambaa cha meza. Nikamwambia ananionea aibu, siku zote amekuwa akinionea aibu, yeye na dada yake wananicheka nikigeuka. Akafungua mdomo kusema kitu. Nilikuwa bado naongea. Akaufunga. Wifi akachungulia kutoka jikoni, akatutazama, akarudi zake jikoni.

Alhamisi hatukusemeshana. Wifi nilimwomba radhi, akasema ataifikiria nikirudisha sukari.

Ijumaa nikaenda kazini. Fomu iko mezani. Bosi akapita mara ya kwanza, akapita ya pili, ya tatu akasimama. "Vipi, dada? Saa sita ndiyo hiyo." Nikamwambia nipe dakika. Nilishika kalamu, nikaiweka, nikaishika. Saa tano na nusu. Saa sita kasoro robo. Nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Simu ikalia.

"Nafasi ni yako," akasema mama mkali. "Mwanamke anapokea wageni kwake filamu nzima, anawachekea, na kuna jambo analijua ambalo halisemi mpaka mwisho. Una maneno ya kurasa thelathini. Tunaanza mwezi ujao."

Nililia pale pale dirishani, bila kuambiwa. Mteja aliyekuwa ananifokea akaogopa, akaniomba radhi, akasema maji hata yakija kesho si neno. Nikaikata ile herufi mstari, nikaandika "Sitahama", nikampa bosi fomu yake.

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno. Makali, yaliyonolewa. Nilitaka nimwambie mume wangu kwamba ushahidi wake umemgeuka, na kwamba sasa ataniona kila mahali, na nikiwa hai.

Nikamkuta mlangoni. Amevaa viatu. Begi liko begani.

"Nimepata," nikamwambia.

"Nilijua utapata."

"Ulijua lini?"

"Nikiwa naichapa. Nilianza nikitaka uonekane huna kitu. Nilipofika kwenye mboga kuungua nikaona kwamba kama ningekuwa mimi ndiye huyo mama, ningekuchukua."

"Na bado ukaniletea nisaini?"

"Yote ilikuwa kweli. Singeweza kuichana."

Sikujua nimkumbatie au nimsukume. Maneno yangu yote makali yakayeyuka. Nikabaki natazama lile begi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama. Nimeomba likizo."

Na hapo, jamani, ndipo nilipojiona nilivyo. Miaka kumi na nne nimemuuliza huyu mtu anasemaje kuhusu mambo yangu. Anasemaje kuhusu barua yangu, nafasi yangu, uhamisho wangu. Akijibu popote, mimi nashukuru na kuendelea, kwa sababu jibu hilo lilinifaa.

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza.

Akaliweka begi chini. Halafu kidevu kikaanza kumtetemeka, mume wangu ambaye hata msibani kwa baba yake alikuwa anaandika majina ya waliokuja.

"Nataka nimwone mama yangu kila siku kabla hajafa," akasema. "Na nilitaka niwe huko na wewe."

Saa ilikuwa kumi na moja jioni. Ile fomu nilikuwa nimeshairudisha tangu saa sita, na Jumatatu usimamizi wa tawi akapewa mwingine.

Akaondoka. Hakuniacha, msinielewe vibaya. Akamaliza likizo, akaomba uhamisho wake mwenyewe wa mahakama ya huko, akaupata. Tumeshapiga picha za ile filamu, na nimepewa nyingine. Nikipata siku tatu za mapumziko napanda basi siku nzima, nakaa naye siku moja, narudi. Mama mkwe akiniona anauliza kama leo niko hai. Mume wangu ananisindikiza stendi, ananishika mkono mpaka basi linawasha injini, na mimi kila mara nataka kushuka, na kila mara sishuki.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumwandikia mchagua waigizaji, nisikilize. Achana na kipaji cha kuzaliwa. Karatasi moja inatosha. Weka umri wako wa kweli na picha ya mwaka huu. Sema ulichokifanya, hata kama ulikifanya umelala. Sema jambo moja ambalo anayekujua vizuri angelisema juu yako. Na unachokitaka kiandike waziwazi, mtu asihangaike kukitafuta.

Na kama unaishi na mtu mkimya, anayekuachia maamuzi yote, usifurahi sana. Kaa naye chini leo umuulize anataka nini. Mimi nilimuuliza mlangoni, na tangu siku ile namwona mume wangu mara moja kwa mwezi.